Vidonge vya Mama Amoit

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya afya ya umma mjini Busia nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya kisigino kirefu. Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti changu kiko ndani ya bahasha, na nilidhani afisa ni mtu wa kukaa mezani. Afisa Mkuu wa Afya ya Umma wa Wilaya, mzee mrefu ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akatua hapo.

"Hivyo viatu ni vya harusi ya nani?" akauliza.

"Si vya harusi, mzee."

"Basi vivue. Leo tunaenda kichinjioni."

Nikapewa buti za mpira za mwanamume aliyekuwa amestaafu. Nilizijaza magazeti kwenye vidole ili zisinitoke, na nikazivaa hivyo mwaka mzima. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikiulizwa leo kama ningeirudia, nitasema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Ila buti ningeomba saizi yangu.

Enzi hizo watu walimjua Bwana Afya, yule anayekuja kukagua hoteli, kisima na choo. Mwanamke walikuwa hawajamzoea. Wengine waliendelea kuniita Bwana Afya hivyo hivyo, wengine wakaniita Madam Choo, na mimi niliitikia yote. Jina langu ni Nasike, mzaliwa wa Busibwabo, na tangu utoto sauti yangu haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Shikeni hilo, ninyi mnaoanza kazi hii, kwa maana ndilo lililonipa sifa na ndilo lililoniponza.

Mzee yule wa miwani ndiye aliyenifunza kuchukua sampuli rasmi. Vijana wa leo wana mifuko maalumu yenye namba. Sisi tulikuwa na chupa, uzi na lakiri, ile nta nyekundu ya kuziba. Ukishuku maziwa au mafuta ya mtu, unayagawa mafungu matatu mbele ya macho yake. Fungu moja linabaki kwake, moja linakwenda kwa mkemia wa serikali, na la tatu linafungiwa kabatini ofisini, ili kukiwa na ubishi liamue. Kila chupa inafungwa uzi, lakiri inayeyushwa kwa mshumaa, muhuri unagongwa juu. Niliungua vidole mara nyingi. Yeye alikuwa akinitazama bila huruma, akisema, "Wewe si maabara, madam. Andika ulichoona. Unachofikiri kaa nacho."

Kutoka mjini nilipelekwa upande wa Sigalame, kukagua shule na visima. Huko bosi wangu alikuwa Mkaguzi Mwandamizi, mtu wa maneno machache kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Akiingia jikoni mwa shule hakusalimia wala hakuuliza maswali. Alifunua vifuniko. Kila sufuria, kila pipa, kila debe lililofunikwa alilifunua, akainama, akanusa, akarudisha kifuniko taratibu. Alikuwa akiniambia kwamba mpishi anaweza kukudanganya, lakini sufuria haina sababu ya kudanganya. Tabia hiyo iliniingia mpaka nikawa nafanya hivyo hata nikitembelea ndugu zangu, na dada yangu akanipiga marufuku jikoni kwake.

Baadaye nikapelekwa Malaba, mpakani na Uganda. Mkitaka kujua kazi ya afya ya umma, fanyeni kazi Malaba. Malori yamepanga foleni kuanzia forodhani hadi unasahau mwisho wake, madereva wa nchi tano wanataka kula, na kila mama mwenye jiko la makaa amekuwa hoteli. Msimamizi wetu pale mpakani alikuwa mwanamke, wa kwanza kuwa bosi wangu. Alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, na alitembea haraka hata sisi tuliomzidi urefu tulikuwa tunakimbia nyuma yake.

Hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na utamu bandia. Sukari ilikuwa imepanda bei, na wauza juisi wa ndoo walikuwa wamepata njia. Ulikuwa unga mweupe kama chumvi laini, katika vipakiti vya nailoni visivyo na jina, vilivyovuka mpaka kwa njia za miguu. Watu waliuita sakarini, hata kama ndani kulikuwa na kitu kingine. Utamu wa namna hiyo unaizidi sukari mara mia kadhaa, kwa hiyo punje chache zinatosha kikombe kizima. Nilimuuliza mama mmoja aliyetoka ng'ambo ya mpaka, muuza juisi, anapima vipi.

"Nyabo, ni kidogo tu," akaniambia, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. Akachukua kijiti cha kiberiti, akakilowesha mate, akakichovya kwenye unga na kukorogea ndani ya ndoo ya lita ishirini.

"Na kama haijakolea?"

"Unachovya tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka customer akubali."

Tulichukua sampuli, lakiri na yote. Majibu yalichelewa, na yalipokuja msimamizi alituita akatusomea kwa sauti. Utamu wenyewe ulikuwa wa aina inayoruhusiwa katika vyakula. Shida ilikuwa kipimo, maana ndoo moja ilikuwa na kidogo mno na nyingine imepita kiwango, na zote mbili ni za mama yule yule. Shida nyingine ilikuwa maji, ambayo yalikuwa machafu. Msimamizi akavua miwani yake na kutueleza jambo ambalo ningepaswa kuliandika kwenye kiganja cha mkono. Alisema kila utamu wa namna hii una kiwango cha siku, yaani kiasi ambacho mtu anaweza kutumia kila siku ya maisha yake bila kutarajiwa kudhurika, na kinahesabiwa kwa uzito wa mwili. Zamani panya wa maabara walipewa sakarini nyingi wakaugua, dunia ikaogopa, kisha wataalamu wakachunguza zaidi wakaona panya ana yake na binadamu ana yake.

"Kwa hivyo msiende huko nje mkipiga kelele sumu, sumu," alisema. "Waambieni pakiti haina jina na mkono hauna kipimo. Hiyo inatosha kuwafungia."

Nilimsikia vizuri sana. Nataka mjue hilo, kwa sababu nitakayowaeleza sasa sikuyafanya kwa kutojua.

Kazi yetu ilipotolewa serikali kuu ikakabidhiwa kaunti nilikuwa nimeota mvi, na nikapelekwa Angurai. Nilipapenda. Ni mji wa soko, watu wake wakulima na wafugaji, na mgeni akijua kusema "yoga", salamu ya Kiteso, asubuhi anapewa kiti. Mtu aliyenipa kiti cha kwanza alikuwa Mama Amoit, mjane aliyenizidi miaka kama mitano hivi, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lake. Yeye ndiye aliyesimamia jiko kwenye kila matanga ya eneo lile. Akisema mchele haujaiva, hata chifu atangoja. Aliniletea kuku wiki niliyofika, akanionyesha maji mazuri yanapochotwa, na tukawa tunaitana dada.

Mama Amoit alikuwa na kisukari. Kliniki ilimwambia aache sukari, naye alijaribu, lakini kwetu huku chai isiyo na sukari ni jambo la aibu. Chai inapikwa na maziwa na sukari yake humo humo, na ukimpa mgeni ile isiyo tamu atasimulia njia nzima kwamba ulikuwa huna kitu. Yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza kikombe chake cha chai hiyo. Basi binti yake Amoit, aliyekuwa akifanya kazi Busia, akauliza kliniki, wakamkubalia, akamnunulia mama yake vidonge vya utamu kutoka duka la dawa. Vilikuwa ndani ya kikopo kidogo chenye jina, kampuni na tarehe. Mama Amoit alikibeba kwenye mkoba pamoja na rozari. Alikuwa akidondosha kidonge kimoja kikombeni, anakoroga, anakunywa, anatabasamu. Sukari yake ilishuka na kutulia.

Mimi nilikuwa sijui lolote kuhusu kikopo hicho. Hakuwa akikionyesha.

Msimu ule watoto wengi walianza kuhara. Pale sokoni walikuwa wakiuziwa barafu tamu za rangi rangi, zilizofungwa kwenye nailoni, na nilipofuatilia nikakuta maji ya mto na vile vipakiti vya Malaba visivyo na jina. Chifu akaitisha baraza. Nilisimama nikaanza vizuri, nikazungumzia kuchemsha maji, nikazungumzia kiwango na kipimo. Wazee wakaanza kusinzia. Kina mama wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mtu mmoja nyuma alikuwa akikata kucha.

Mimi sipendi kupuuzwa. Nilishika kipakiti, nikakiinua juu, nikaitoa ile sauti yangu yote.

"Hii ni sumu!" nikasema. "Utamu usiotoka shambani ni sumu! Uwe wa unga, uwe wa kidonge, uliyenao nyumbani nenda ukatupe leo!"

Watu waliamka. Walipiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Nikachukua ndoo ya juisi ya kijana mmoja muuzaji, nikaimwaga mbele ya wote, wakashangilia tena. Chifu alinishika mkono akasema hajawahi kupata afisa kama mimi. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, na usiku ule nilijirudia hotuba yangu kitandani. Neno "kidonge" sijui hata nililitoa wapi. Lilikuja tu kwa sababu lilisikika vizuri.

Mama Amoit alikuwa amekaa safu ya pili.

Ikapita kama miezi mitatu hivi. Kuhara kulipungua na nikajipa sifa zote. Kisha nikasikia Mama Amoit ana kidonda mguuni kisichopona, na kila akidungwa kidole kliniki sukari iko juu. Muuguzi alimshuku kuwa hamezi dawa, akamgombeza. Naye alikuwa akiapa kwamba anameza, na kwa kweli alikuwa akimeza.

Nilikwenda kumwona siku ya Jumamosi. Alikuwa amelala kwenye kochi, mguu juu ya stuli, umefungwa kitambaa, na harufu ya kidonda niliijua kabla sijaketi. Nikamwambia asiinuke, chai nitapika mwenyewe. Jikoni kwake, mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nilifunua sufuria, nikafunua mtungi, nikafunua debe la unga wa mahindi. Chini ya unga kulikuwa na kitu kigumu kilichofungwa kwa jani la ndizi. Nikafungua. Lilikuwa donge la sukari nguru, ile nyeusi ya miwa, kubwa kama tofali, na nusu yake ilikuwa imeshakwenda.

Sasa wenyeji wa huku mnajua sukari nguru kwa wingi hivyo hununuliwa na nani. Mpika chang'aa, ile pombe haramu, ndiye mteja wake. Mwenyekiti wa kina mama hawezi kuonekana ameibeba sokoni, watu watasema maneno. Nilirudi sebuleni na lile donge mkononi, nikicheka.

"Dada, kwani umeanza kupika?"

Alijaribu kukaa. "Mimi? Nipike chang'aa? Nasike, unanijua kweli?"

"Basi hii ni ya nini? Umeificha ndani ya unga."

"Niliificha kwa sababu watu watafikiria vile unafikiria saa hii." Alikuwa karibu kulia kwa aibu. "Ni ya chai. Natuma mtu mbali huko, anileteanga."

"Ya chai? Dada, na kisukari chako?"

"Si ni wewe ulisema?"

"Nilisema nini?"

"Kwa baraza. Ulisema ile ya kidonge ni sumu. Mimi nilikuwa nayo, Amoit alininunulia. Nikaenda nikatupa kwa choo siku hiyo hiyo. Ulisema utamu ukitoka shambani ndio mzuri. Hii si inatoka kwa miwa? Miwa ni Mungu amepanda. Sukari ya duka sijagusa hata kijiko, uliza mtu yeyote."

Nilikaa chini sakafuni, lile donge bado mkononi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Yule mama aliniamini neno kwa neno, kuliko hata nilivyoliamini mimi mwenyewe, na malipo yake yalikuwa pale juu ya stuli yakinuka. Nilimwambia ukweli: kwamba sukari nguru ni sukari, kwamba kwa mwili wake haina tofauti na ile ya dukani, kwamba vile vidonge havikuwa sumu, na kwamba mimi nilikuwa nikijua hayo tangu Malaba. Aligeuza uso ukutani.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali. Daktari alisema mguu wote unaweza kukatwa. Amoit alikuja kutoka Busia, akanikuta kwenye benchi nje ya wodi. Sikungoja asikie kwa wengine, nikamweleza mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Aunty, naomba uende nyumbani," na nikaenda.

Usiku sikulala. Jambo lililonikosesha usingizi halikuwa Mama Amoit peke yake. Baraza lile lilijaa watu. Ni wangapi wengine waliotupa, na wamerudi kwenye nini? Asubuhi nikaenda kwa msimamizi wetu wa kaunti ndogo, nikamwomba kibali cha kurudi barazani kusema nilikosea.

Alikuwa mtu mpole, anayependa faili zake zikae sawa. Alinisikiliza akizungusha kalamu. "Madam Nasike," alisema, "wewe sasa unataka kubomoa ofisi. Ukisema ulikosea kwa hii, kesho ukiwaambia wachemshe maji watasema pia hiyo utakuja kubadilisha. Watoto wakihara tena, utaongea na nani? Acha ikae. Yule mama tumsaidie kimya kimya."

"Na wale wengine, boss?"

"Hujui kama wako."

"Ndiyo maana nataka kuuliza."

Akaweka kalamu chini. Halafu akasema, "Mimi sijakuruhusu, na sijakukataza," akafungua faili jingine. Simlaumu. Alilosema lilikuwa na ukweli, na sehemu yake ilitimia, kama mtakavyoona.

Chifu alinipa nafasi mwishoni mwa baraza lililofuata, baada ya mambo ya mbegu na vitambulisho. Nilisimama mahali pale pale. Nilitamani kuketi, mimi ambaye nimefunga mabucha ya watu wenye mapanga.

"Mara ya mwisho nilisema neno hapa," nikaanza. "Nilisema utamu wa kidonge ni sumu. Nililisema ili mwamke na kunisikiliza. Halikuwa kweli, na nilijua si kweli."

Hakuna aliyesinzia, hilo nawaambia.

Mzee mmoja akainua fimbo. "Kwa hivyo tulitupa bure?"

"Vile vipakiti visivyo na jina mlitupa vizuri, mzee. Hatujui kilichomo, na anayepima anapima kwa kijiti. Na watoto waliharishwa na maji ya mto. Lakini mtu wa kisukari aliyekubaliwa na kliniki vidonge vyenye jina, huyo nilimdanganya."

Yule kijana wa juisi akasimama. "Madam, na mimi? Ulimwaga juice yangu hapa watu wakinicheka!"

"Maji yako yalikuwa machafu. Lakini kukumwagia mbele ya watu haikuwa kazi, ilikuwa maringo. Nisamehe."

Mwingine akauliza kwa hasira, basi sasa hivyo vidonge ni vizuri au ni vibaya, mbona serikali haina jibu moja. Nikamwambia kwa mtu kama Mama Amoit ni afadhali kuliko sukari, kwa mtoto mzima asiyeumwa sina sababu ya kumpa, na kwa miaka mingi mbele wataalamu bado watabishana, na nikisikia jipya nitakuja kusema. Lilikuwa jibu refu lisilo na ladha. Watu waliguna, wengine wakaondoka wakicheka. Makofi hayakupigwa hata moja.

Lakini baraza lilipovunjika nilikuta watu watano wananingoja kando ya gari la chifu, kila mmoja akijifanya hajamwona mwenzake. Wote walikuwa wametupa. Watatu walikuwa wamerudi kwenye sukari, mmoja kwenye asali, na mzee mmoja alikuwa ameacha chai kabisa na, kwa maelezo ya mkewe, amekuwa hakaliki naye nyumbani. Wote nikawaandikia barua za kliniki, nikawasindikiza kwa miguu yangu.

Bosi wangu naye hakukosea. Mwezi uliofuata nilimwamuru mwanamume mmoja achimbe choo, akanijibu, "Ngoja kwanza, madam, labda wiki ijayo utabadilisha." Nikamwambia choo sijabadilisha tangu nianze kazi. Alichukua muda mrefu kuchimba. Mwaka mzima ilibidi kila jambo nilifuatilie mara mbili, na sikulalamika.

Mama Amoit alikatwa vidole viwili. Mguu ulibaki. Wiki nyingi nilikuwa nikienda hospitali, naacha uji kwa muuguzi, narudi bila kuingia. Siku moja muuguzi akaniambia, "Mgonjwa anasema uji wako una maji mengi, uingie akufunze." Niliingia. Hatukuzungumzia vidonge. Alinifunza uji.

Aliporudi nyumbani alifanya jambo ambalo maafisa wote wa afya wa kaunti ile, mimi nikiwa mmoja wao, hatukuwahi kulifikiria. Kwenye matanga ya kwanza aliyosimamia, akitembea kwa mkongojo, aliamuru chai ipikwe sufuria mbili. Moja ina sukari, nyingine haina, na kwenye mkono wa ile isiyo na sukari akafunga jani la ndizi ili wahudumu wasichanganye. Mtu akitaka kutia kidonge chake, atie. Akitaka kunywa hivyo hivyo, anywe. Kwa kuwa ni Mama Amoit aliyesema, hakuna aliyethubutu kuiita chai ya maskini. Leo ukienda matangani pande zile unakuta sufuria mbili, na wengi wa vijana hawajui desturi hiyo ilianza lini. Mara nyingi inayoisha kwanza ni ile yenye jani.

Nilistaafu miaka minne iliyopita. Nipo Busibwabo, nina ng'ombe watatu na maharagwe yanayonipa kiburi, na vifuniko ninavyofunua ni vya sufuria zangu mwenyewe. Nimeridhika. Wajukuu hunitumia kwenye simu habari za utamu bandia karibu kila wiki, mara unaleta saratani, mara unanenepesha, mara ni njama ya wauza sukari. Kuna wataalamu wa dunia waliosema kuhusu aina mojawapo kwamba huenda ikahusiana na saratani, na wengine wakasema kiwango cha siku kibaki pale pale kilipokuwa. Wajukuu wanaruka hilo neno "huenda" kama tuta la barabarani. Ninyi mnaoingia kazini sasa, neno hilo ndilo kazi yenyewe. Ni neno gumu kulisema mbele ya watu, halina makofi, na mtaonekana hamna elimu. Lisemeni tu.

Juzi Mama Amoit alinipigia simu. Bado yuko Angurai, bado anasimamia jiko, na sauti yake ilikuwa juu.

"Nasike, kuna mtu ametuma voice kwa group ya kanisa. Anasema hizi vidonge zangu zinaua moyo. Ni kweli?"

"Dada, sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Ngoja nimuulize daktari wa kliniki, nisome pia, nikupigie."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Sawa," akasema. "Uliza pole pole. Mimi sitatupa kitu mpaka unipigie."